Maji mafu ya Betio, na vijana walioingia kwa miguu

Leo nataka niandike kuhusu Tarawa na naomba mnivumilie kwa urefu, maana hii habari imenikaa moyoni miaka mingi, na kila nikisikia watu wanaongelea Vita vya Pili vya Dunia upande wa Pasifiki naona wanataja Pearl Harbor, wanataja Iwo Jima kwa ajili ya ile picha ya bendera, wanataja Hiroshima na Nagasaki, basi wamemaliza. Tarawa inarukwa. Wakati kwa maoni yangu mtu aliyekulia pwani, hata kama hajawahi kusoma chochote cha mambo ya jeshi, hii vita anaielewa haraka kuliko zingine zote, kwa sababu wengi wa wale vijana walichezewa na maji kupwa kabla risasi haijawafikia.

Tarawa ni mlolongo wa visiwa vidogo vidogo vya matumbawe katikati ya Pasifiki, karibu kabisa na ikweta. Enzi hizo vilikuwa Visiwa vya Gilbert chini ya Uingereza, saivi ni nchi ya Kiribati iliyopata uhuru Julai 1979. Kwenye pembe ya kusini magharibi kuna kisiwa kinaitwa Betio. Urefu wake ni kama kilomita 3, upana hata kilomita 1 haufiki pale penye upana zaidi, hakuna kilima, hakuna mto, ardhi yake imeinuka mita 2 au 3 tu juu ya bahari. Ukiamka asubuhi ukaamua kukitembea chote kwa miguu unakimaliza kabla jua halijawa kali. Kwa hicho kipande cha mchanga, ndani ya siku 3, kuanzia Novemba 20 hadi 23 mwaka 1943, walikufa watu karibu 6,000 ukijumlisha pande zote. Huwa nikiifikiria hiyo hesabu na udogo wa lile eneo nashindwa hata kupiga picha kichwani.

Wajapani walifika Gilbert Desemba 1941. Agosti 1942 kikundi cha Marine, wale askari wa Marekani wanaoshuka kutoka melini kwenda kupigana nchi kavu, kikavamia Makin, kisiwa cha jirani, kwa siku mbili kisha kikaondoka, na Wajapani wakashtuka wakaona kumbe hapa tuko wazi, wakaamua kuigeuza Betio iwe ngome. Wenyeji wakaondolewa. Ukajengwa uwanja wa ndege, yakachimbwa mahandaki ya zege na magogo ya minazi yakafunikwa mchanga mpaka mengine yanaonekana kama vichuguu tu, ikafungwa mizinga ya pwani ya inchi 8, ukajengwa ukuta wa magogo kuzunguka ufukwe, ndani ya maji wakatandaza seng'enge na vizuizi vya kuzielekeza boti pale ambapo bunduki za rashasha zinasubiri. Hapo hapo Betio, Oktoba 15, 1942, waliwaua watu 22 kwa kuwakata vichwa, 17 kati yao walinzi wa pwani kutoka New Zealand waliokuwa wanatuma taarifa za meli kwa redio. Kamanda wa mwisho wa kisiwa alikuwa Admirali Keiji Shibazaki, na inasemekana alijigamba kwamba watu milioni 1 hawawezi kuichukua Tarawa hata wakipewa miaka 100. Alikuwa na watu kama 4,700, ila wasomaji wengi wanadhani wote hao ni askari wa Japani na siyo kweli, kama 1,200 walikuwa Wakorea walioletwa kufanya kazi ya sulubu, watu waliochukuliwa kwao kuja kubeba zege kwenye vita isiyowahusu. Nitawarudia.

Upande wa Marekani waliotumwa ni Divisheni ya 2 ya Marine chini ya Meja Jenerali Julian Smith. Hawa walikuwa wametoka kwenye vita ya Guadalcanal, kisiwa kingine cha Pasifiki, wengi wamedhoofika kwa malaria, wakapelekwa Wellington kule New Zealand kupumzika na kufanya mazoezi. Wakakaa miezi kadhaa, wakazoeana na watu, wakawa wanaalikwa majumbani Jumapili, kuna waliochumbia na kuna waliooa kabisa. Mwanzoni mwa Novemba wakapakiwa melini, na habari iliyoachwa mjini ni kwamba wanaenda mazoezi Hawke's Bay, pwani ya huko huko New Zealand, siku chache watarudi. Kwa hiyo kuna wanawake Wellington waliowaaga kama unavyomuaga mtu anayeenda safari ya wiki moja, na wakaja kujua ukweli magazeti yalipoanza kuandika jina la Tarawa. Kwenye hadithi nzima ya vita watu huliruka hili, mimi nikifika hapo huwa nasimama kwanza.

Sasa tuje kwenye maji.

Betio imezungukwa na mwamba wa matumbawe unaotoka baharini mita 500, sehemu zingine karibu mita 900 kutoka ufukweni. Boti za kushushia askari, zile za Higgins za mbao zenye mlango wa mbele unaoangushwa, zilihitaji maji ya kama mita 1.2 ili zipite juu ya mwamba. Ramani walizokuwa nazo Wamarekani zilikuwa za kale, zingine asili yake ni safari za karne ya 19. Wakawatafuta watu waliowahi kuishi kule au kupitisha meli kule, wakawauliza, na wengi wakasema maji yatatosha. Mmoja akakataa. Huyu ni Meja Frank Holland, aliyekuwa ameishi visiwa vile miaka 15, na aliposikia kwamba siku yenyewe ni Novemba 20 alishtuka, akawaambia hayatafika hata futi 3, siku hizo ni za maji mafu na isitoshe bahari ya Tarawa kuna vipindi inakuwa haieleweki, haijai wala haipwi.

Huku kwetu hilo halihitaji mtaalamu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa mpaka yanagonga mizizi ya minazi na yakipwa yanakimbia mpaka mwamba wote uko nje, watu wanaenda kutafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaji hayaondoki, na mwenye jahazi kubwa anayetaka kuvuka mwamba anakaa anasubiri. Siku ile mwezi ulikuwa nusu. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho wakati ule hakuna aliyekipigia hesabu, mwaka 1987 mwanafizikia wa Texas anayeitwa Donald Olson alikaa na mahesabu yake akaonyesha kwamba tarehe zile mwezi ulikuwa pia uko mbali na dunia kuliko kawaida, kwa hiyo hayo mawili yakagongana siku moja, bahari ikakosa nguvu ya kupanda, na maji yakalala pale pale zaidi ya siku nzima.

Niseme haki, Holland hakupuuzwa. Julian Smith na David Shoup, aliyechora mpango wa kushuka, walimsikiliza na wakawaambia askari wazi kwamba kuna nusu kwa nusu, mnaweza mkalazimika kushuka mwambani na kutembea. Waliomba pia mambo mengine, waliomba kisiwa kipigwe mabomu siku kadhaa kabla, waliomba wachukue kwanza kisiwa cha jirani waweke mizinga yao, wakakataliwa kwa sababu wakubwa waliogopa jeshi la maji la Japani lisipate muda wa kuja. Kitu walichofanikiwa kupata ni vile vyombo vya minyororo kama ya kifaru ambavyo vinaelea na pia vinapanda mwamba, wenyewe wakiviita amtrac, vikapatikana 125. Vilitosha mawimbi 3 ya kwanza tu. Wa nyuma wote walibaki kwenye Higgins, maisha yao yakitegemea mwezi.

Alfajiri ya Novemba 20 walilishwa nyama ya steki na mayai, chakula kizito cha kuagia, na madaktari wa meli hawakufurahi hata kidogo maana walijua watakaopigwa risasi za tumbo wataletwa kwao wameshiba. Meli za kivita zikaanza kupiga. Kwa zaidi ya saa 2 na nusu zilimwaga kama tani 3,000 za mabomu kwenye hicho kisiwa, moshi na vumbi vikakifunika chote, na vijana waliokuwa kwenye boti waliamini kwamba huko hakuna kitu hai tena. Lakini mabomu ya meli yanakuja yamelala, mengi yaliruka juu au yaliteleza kwenye mchanga, na mahandaki yalijengwa kwa ajili hiyo hiyo. Kushuka kulipangwa saa 2 na nusu asubuhi, kukachelewa, meli zikanyamaza, na Wajapani wakapata dakika za kutosha kutoka, kujipanga na kukaa kwenye bunduki zao.

Amtrac za kwanza ziligusa mchanga baada tu ya saa 3. Nyuma yao Higgins zikafika mwambani na zikakwama. Zote. Milango ikaangushwa na vijana wakaruka, wengine maji yakawafika kifuani, wengine wakatumbukia kwenye mashimo wakazama na mizigo yao yote bila hata kupigwa risasi.

Mimi nimekulia Pangani na utotoni nimefuata sana shangazi zangu mwambani. Maji ya kiunoni hayakuachii utembee unavyotaka, kila hatua unaivuta, chini kuna tumbawe linakata na kuna shimo usiloliona, na ukijaribu kukimbia unaanguka kifudifudi. Hiyo ni mchana wa amani, mtu umebeba kijiti na kikapu. Wale walibeba bunduki, risasi, maji ya kunywa, redio, na walitakiwa watembee hivyo nusu kilomita na zaidi, mbele yao hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna kitu cha kujificha nyuma yake isipokuwa aliyetangulia, na bunduki za rashasha zinapiga kutoka mbele na kutoka ubavuni. Hakuna cha kufanya. Huwezi kukimbia, huwezi kulala, ukipiga magoti unazama. Wengine walijikunja maji yakawafika kidevuni, bunduki wameinyanyua juu kwa mikono miwili, wakaendelea kuja. Mwandishi wa habari Robert Sherrod alikuwa kati yao, naye aliingia hivyo hivyo kwa miguu bila silaha.

Waliofika walijibanza chini ya ule ukuta wa magogo, kimo chake kama mita 1, na pale ndo palikuwa mwisho wa dunia yao, kunyanyua kichwa ni kufa na kurudi nyuma ni baharini. Redio nyingi zililowa zikafa. Kanali Shoup, ambaye sasa alikuwa kamanda wa wote waliokuwa ufukweni, alijeruhiwa mguu na akaweka makao yake ubavuni mwa handaki la Wajapani ambalo ndani yake bado kulikuwa na Wajapani wazima, akawa anaongoza vita huku askari wake wanalinda matundu ya lile handaki ili waliomo wasitoke. Mpaka jua linazama Marine kama 5,000 walikuwa wameshuka na 1,500 kati yao walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa. Usiku ule wote walisubiri Wajapani waje kuwasukuma baharini, na hawakuja. Inaaminika Shibazaki aliuawa mchana ule ule akiwa anahamisha makao yake, simu zao zimekatika, hakuna wa kutoa oda.

Kuna watu wa siku ya pili ambao kwangu mimi ndo kiini cha habari yote. Wa siku ya kwanza waliruka majini na matumaini, waliambiwa kisiwa kimeshapigwa, wengine waliamini maji yatatosha. Lakini kulikuwa na batalioni moja, Batalioni ya 1 ya Rejimenti ya 8 chini ya Meja Lawrence Hays, ambayo ililala kwenye boti usiku mzima nje ya mwamba kwa sababu oda zilichanganyikana na redio hazisikiki. Wamelowa, wanatapika, hawajalala, usiku kucha wanaangalia moto unavyowaka ufukweni, na kulipopambazuka waliona wenyewe kwa macho yao miili inaelea mwambani. Walijua kabisa. Hakuna aliyewadanganya. Asubuhi ya Novemba 21 wakapewa oda, boti zikaenda, zikakwama pale pale zilipokwama za jana, milango ikaanguka, wakaruka. Mamia walipigwa humo majini. Waliobaki waliingia ufukweni na kuanza kupigana. Nimewahi kujiuliza mara nyingi mtu wa miaka 19 anajiambia nini hapo mlangoni mwa boti na sina jibu, ila ninaposikia neno kujitoa mhanga likitumika kwa vitu vidogo vidogo huwa nawakumbuka hao.

Na majina mengine yanapaswa kutajwa. Luteni William Deane Hawkins kutoka El Paso, Texas, ambaye jeshi la nchi kavu na jeshi la maji yote yalimkataa kwa sababu ya makovu ya kuungua aliyoyapata utotoni, Marine wakamchukua. Yeye na kikosi chake kidogo walishuka kabla ya wote kusafisha gati lililokuwa limejaa wadunguaji, akajeruhiwa, akakataa kuondolewa, siku ya pili akawa anaenda handaki moja baada ya lingine anaingiza mabomu ya mkono kwenye matundu mpaka alipopigwa tena, na akafa. Sajenti William Bordelon wa San Antonio, amtrac yake ilipigwa wakanusurika watu 4 tu, akatengeneza baruti kwa mikono yake akalipua ngome za rashasha, akawa anawavuta majeruhi kutoka majini, akauawa siku ile ile ya kwanza. Luteni Alexander Bonnyman alikuwa na miaka 33, baba wa mabinti watatu, ana mgodi wake wa shaba New Mexico, angeweza kabisa kubaki nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Siku ya tatu aliongoza watu kupanda juu ya handaki kubwa kuliko yote, wakamimina moto kwenye matundu ya hewa, Wajapani wakatoka mbio, yeye akabaki juu amesimama mbele anawazuia mpaka akaanguka. Hao watatu na Shoup ndo walipewa Medali ya Heshima, ile ya juu kabisa ya Marekani, na kati ya wanne ni Shoup peke yake aliyeipokea akiwa hai.

Mchana wa siku ya pili maji yalianza kupanda, mwishowe, na vita ikageuka. Meja Michael Ryan alikuwa ameokota waliosalia wa vikosi tofauti upande wa magharibi na vifaru viwili, akaufungua ufukwe wote wa huko, na jeshi jipya likaingia salama. Shoup akatuma ule ujumbe wake unaojulikana, kwamba majeruhi ni wengi, idadi ya waliokufa haijulikani, tunashinda. Novemba 23 mchana ikatangazwa kisiwa kimechukuliwa, baada ya saa 76.

Marine waliokufa ni karibu 1,000 na waliojeruhiwa zaidi ya 2,000. Guadalcanal ilichukua miezi 6 na Marine waliokufa kule hawazidi sana hapo. Wajapani waliokamatwa hai ni 17. Wakorea ni 129. Nilisema nitawarudia hawa Wakorea, basi ndo hivyo, kati ya kama 1,200 wamebaki 129, na wale waliokufa hawakuwa na hata heshima ya kuambiwa wamekufa kwa ajili ya nchi yao. Mwaka 2023 mabaki ya mmoja wao, yaliyotambuliwa kwa vipimo vya vinasaba, yalirudishwa Korea Kusini kwa familia yake. Miaka 80.

Marekani habari zilipofika watu walipandwa na hasira, walikuwa wamezoea kusikia ushindi, hawakuelewa iweje watu 1,000 wafe kwa kisiwa ambacho hakuna aliyekuwa anakijua. Admirali Nimitz, kamanda wa majeshi ya maji ya Marekani kule Pasifiki, akawa anapokea barua za wazazi, mama mmoja akamwandikia kwamba amemuua mwanawe. Wapigapicha wa Marine walikuwa wamerekodi yote, hadi miili inayoyumbishwa na mawimbi, na Rais Roosevelt akaruhusu filamu ionyeshwe Machi 1944 bila kuficha. Naona alifanya jambo la haki kabisa. Vita inayofichwa maiti zake inakuwa rahisi kuipenda.

Holland Smith, jenerali wa juu kabisa wa Marine kwenye operesheni ile, baada ya vita aliandika kwamba Tarawa ilikuwa kosa, ingerukwa tu Wajapani waachwe wakae na kisiwa chao. Wengine wanasema hapana, pale ndo walijifunza, na ni kweli kwamba baada ya Tarawa waliunda vikosi vya kuogelea vya kupima kina na kulipua vizuizi kabla ya watu kushuka, waliongeza amtrac, wakabadilisha namna ya kupiga kisiwa kwa mizinga ya meli, na kwenye visiwa vya Kwajalein miezi miwili baadaye waliokufa walikuwa wachache zaidi. Mimi siyo jenerali. Ila sipendi pale watu wanaposema somo lilikuwa ghali lakini lilistahili, kwa sababu somo la maji lilishasemwa kabla na yule Meja Frank Holland, kwa mdomo, bure, na aliyelilipia siye aliyelikataa. Kumsifia kijana kwa ujasiri wake halafu ukaficha kwamba mtu mzima alionywa, hiyo mimi naona ni nusu ya kumbukumbu. Shoup mwenyewe nadhani alielewa, maana alipanda mpaka akawa kamanda mkuu wa Marine wote kuanzia 1960 hadi 1963, na alipostaafu alikuwa mmoja wa majenerali wa kwanza kuipinga hadharani vita ya Vietnam.

Halafu kuna habari ya makaburi, na hii ndo inayoniuma kuliko hata mapigano. Waliwazika haraka maana ni ikweta, jua kali, miili maelfu. Wakachimba mitaro kwa buldoza, wakawalaza kwa mistari, wakaweka alama. Wiki hizo hizo wahandisi wa jeshi la maji wakaingia kupanua uwanja wa ndege, ambao waliuita Hawkins Field kwa heshima ya yule luteni, wakasawazisha ardhi, barabara na maghala yakajengwa, na makaburi yakapangwa upya yapendeze, misalaba imenyooka safi, tatizo chini ya misalaba mingi hakukuwa na mtu. Mwaka 1946 walipokuja kuwafukua wawarudishe nyumbani walipata kama nusu tu. Familia mia kadhaa zikaambiwa mwanenu hapatikani, wengine wakaambiwa amezikwa baharini.

Ikakaa hivyo miongo. Kisha shirika moja la kujitolea, History Flight, likaanza kuchunguza na vifaa vya kuona chini ya ardhi, na mwaka 2015 wakalipata lile walilokuwa wanaliita Kaburi namba 27, mstari mzima, watu zaidi ya 30 wamelazwa mmoja pembeni ya mwingine kama walivyowekwa 1943. Bonnyman alikuwa humo. Alitambulika kwa meno yake, alikuwa na kazi ya dhahabu mdomoni, na mjukuu wake alikuwepo pale pale Betio siku anafukuliwa. Septemba 2015 akazikwa Knoxville, Tennessee, karibu na wazazi wake ambao walikufa bila kujua mtoto yuko wapi. Wengine wanatambuliwa kwa vinasaba vya wapwa na wajukuu, wengine kwa picha za zamani za eksirei ya kifua walizopigwa kupimwa kifua kikuu wakati wanaingia jeshini, wataalamu wanalinganisha umbo la mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Betio leo imejaa watu, nyumba zimebanana, kwa hiyo kuchimba maana yake ni kumwomba mtu ruhusa uchimbe uani kwake au chini ya banda la nguruwe, na watu wa Kiribati wamekuwa wakikubali. Hawa ni watu ambao vita iliwakuta kwao, ikawafukuza, ikawaachia mizinga yenye kutu na mabomu ambayo hadi leo yanaokotwa. Kule Makin pia, mwaka 1999, Marine 19 wa ule uvamizi wa kwanza walipatikana kwa sababu mzee mmoja wa pale, aliyekuwa kijana 1942 na aliyesaidia kuwazika, alikumbuka mahali.

Nikisoma hayo mawazo yangu yanakuja moja kwa moja Kilindini. Februari 5, 1944, miezi miwili na nusu tu baada ya Tarawa, meli SS Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo imebeba watu zaidi ya 1,500, sehemu kubwa wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301, walikuwa wanapelekwa kwenye vita ya Burma. Februari 12 karibu na Maldivi nyambizi ya Japani I-27 ikaipiga topedo, ikazama kwa dakika chache mno, wakafa watu 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake. Jeshi lile lile la maji la Japani, bahari tu tofauti. Askari wetu hakuna anayeweza kuwachimbua, wako chini kabisa, na nyumbani kwao sijui ni wangapi waliopata hata barua inayoeleweka.

Nataka niandike kuhusu hiyo meli peke yake, na siwezi kuiandika kwa vitabu vya Waingereza tu. Kwa hiyo kama kwenu kuna babu aliyeingia mizinga miaka ile ya arobaini akaondokea Mombasa asirudi, waulize wazee jina lake kamili, kijiji chake na mwaka alioondoka, andika mahali, na ukipenda nitumie.